Spika za stereo za nyumbani kwa bajeti ya kati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nayapata wiki hadi wiki, kutoka kwa ndugu, kwa majirani, na kwa watu ninaokutana nao Kariakoo wamesimama mbele ya rafu ya maboksi yanayowaka taa za rangi. Nimeyapanga kuanzia ya msingi kwenda kwenye yale yanayomkuta mtu mmoja mmoja. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, nimetaja namba ya swali.

## Misingi

1. Nina sabufa yenye boksi moja kubwa na vispika viwili. Hiyo si stereo tayari?

Kwa nyaya ndiyo, kushoto kupo na kulia kupo. Kwa sikio bado. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, aliyeomba hataza ya stereo mwaka 1931, alitaka spika mbili zishirikiane kuuweka muziki mbele ya msikilizaji: mwimbaji katikati, gitaa upande huu, ngoma nyuma kidogo. Ili hilo litokee, kila spika lazima iweze kutoa sauti ya mtu ikiwa nzima.

Sabufa nyingi za bei ya kawaida zina vispika vya inchi 3, na koni (ile sehemu inayotikisika kutoa sauti) ndogo kiasi hicho hupata shida ikishuka chini ya hezi 150 au 200. Hezi ni mitikisiko kwa sekunde; zikiwa chache, sauti ni nzito. Sasa sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia kati ya hezi 85 na 180. Matokeo yake kifua cha msomaji wa habari kinatokea kwenye boksi lililo chini ya meza, na herufi "s" zake zinatokea kwenye vispika vilivyotundikwa ukutani. Kaa kimya usikilize taarifa ya habari ya saa mbili usiku utalisikia. Ukishaligundua, litakusumbua kila siku.

Sabufa ina kazi yake. Kwa shughuli ya uani, watu thelathini na wali unapakuliwa, itakutosheleza. Majibu yanayofuata yanamhusu mtu anayetaka kukaa sebuleni na kuusikiliza muziki.

2. Bajeti ya kati ni shilingi ngapi, na nizigaweje?

Hapa nazungumzia kati ya laki 5 na milioni 1 na nusu za Kitanzania kwa mfumo mzima. Ukinunua amplifaya (kifaa kinachozipa spika nguvu) na spika kila kimoja peke yake, weka zaidi ya nusu ya fedha kwenye spika. Amplifaya mbili za kampuni zinazoeleweka, zenye nguvu sawa, hutofautiana kidogo sana masikioni. Spika mbili za bei moja zinaweza kutofautiana kama mchele wa Kyela na mchele wa kubahatisha.

Ukiwa chini ya laki 5 usikate tamaa. Angalia swali la 3 na la 9.

3. Ninunue zenye amplifaya ndani, au spika za kuunga na amplifaya?

Kama unaanza kutoka sifuri na chumba chako ni cha kawaida, nunua zenye amplifaya ndani. Aliyezitengeneza ameshalinganisha amplifaya na koni, hujalipia boksi la pili, na nyaya ni chache. Edifier R1280T ni mfano mzuri wa daraja la kuanzia: wufa (koni ya sauti nzito) ya inchi 4, jumla ya wati 42 za kweli, na nyuma matundu mekundu na meupe ya kuunga TV au simu. Juu yake kuna spika za studio kama Yamaha HS5 na JBL 305P MkII, ambazo maduka ya vifaa vya muziki huwauzia watayarishaji wa bongo fleva na kwaya. Watu wengi hawajui kwamba hizo zinakaa sebuleni bila tatizo. Ila ujue kwamba huuzwa mojamoja, kwa hiyo uliza bei ya jozi kabla hujafurahi, na kila moja inataka plagi yake.

Chukua spika za kuunga na amplifaya ikiwa tayari una amplifaya nzima, au unapenda kubadilisha kipande kimoja kimoja kadiri fedha inavyopatikana. Faida nyingine ni uhai. Spika isiyo na umeme ndani, ikitunzwa, inamaliza miaka 30 na fundi yeyote anaielewa. Yenye amplifaya ndani ikiungua bodi, mara nyingi bodi yenyewe haipatikani.

## Namba za kwenye boksi

4. Hii imeandikwa wati 5000, ile wati 42. Kwa nini ninunue ya 42?

Geuza ile ya 5000 uangalie kibandiko cha nyuma, karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia. Hapo hueleza inatumia umeme kiasi gani. Mara nyingi utakuta wati 40, 60, labda 80. Kifaa kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa 5000. Hata plagi yenyewe ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13, na 13 mara volti 230 ni wati 2,990.

Namba ile kubwa huitwa PMPO na haina kipimo kinachokubalika popote. Kila mtu anaandika anachotaka. Tafuta neno RMS. Hizo ndizo wati ambazo kifaa kinaweza kuzitoa mfululizo.

Wati zenyewe unazihitaji chache kuliko unavyodhani. Spika ya kawaida ya nyumbani, ukiipa wati 1 tu, hutoa karibu desibeli 85 hadi 88 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) kwa mtu aliye umbali wa mita moja. Hiyo tayari ni sauti ya kumfanya mtu apaaze maneno. Unapokaa sebuleni unasikiliza jioni, spika zako zinakula chini ya wati 1, na zinaruka hadi 10 au 20 pale ngoma inapopigwa. Na ili muziki usikike mkubwa maradufu unahitaji nguvu mara 10 hivi. Kwa hiyo kutoka wati 40 kwenda wati 50, sikio lako halitajua.

5. Na ile namba ya desibeli, ina umuhimu?

Kubwa, hasa kama amplifaya yako ni ndogo. Inaonyesha spika inatoa sauti kiasi gani kwa umeme uleule. Kila desibeli 3 zikiongezeka ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili. Spika ya desibeli 90 kwenye amplifaya ya wati 25 itakwenda sawa na ya desibeli 87 kwenye amplifaya ya wati 50. Fedha ya tofauti inabaki mfukoni.

6. Omu 4, omu 6, omu 8. Nichague ipi?

Omu hupima jinsi spika inavyouzuia umeme; zikiwa chache, umeme mwingi zaidi hupita. Soma nyuma ya amplifaya. Ikiandika omu 6 hadi 16, usiiunge na spika ya omu 4 kisha ukafungulia sauti yote, maana itavuta umeme mwingi na kupata moto. Spika ya omu 8 haisumbui amplifaya karibu yoyote. Hakuna sauti bora kwa sababu ya omu.

7. Yenye koni nyingi si ndiyo bora? Hii ina wufa mbili, twita (vikoni vya sauti nyembamba) tatu na taa.

Nitaeleza kilichonipata mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua jozi ya spika za kusimama, ndefu hadi kiunoni, kila moja ina duara tano mbele zenye rangi ya dhahabu. Dukani zilivuma. Nyumbani, nikiweka taarab, ganuni ilisikika kama inapigwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Baada ya mwezi nilichukua bisibisi nikafungua. Koni halisi zilikuwa mbili. Duara mbili zilikuwa sahani za plastiki zilizobandikwa kwa gundi, nyuma hakuna sumaku wala waya. Ya tano ilikuwa twita ya karatasi iliyofungwa kwa kapasita moja ndogo, na boksi lenyewe ni chipubodi nyembamba isiyo na hata kipande cha pamba ndani. Muuzaji niliporudi alisema hata yeye hakujua, na nadhani alisema kweli.

Tangu siku hiyo nahesabu vingine. Spika ya wufa moja nzuri ya inchi 5 au 6 na twita moja nzuri, zenye krosova ya kweli inayogawa sauti nzito kwenda chini na nyembamba kwenda juu, inazishinda zile zenye duara tano kwa bei hiyohiyo. Fedha ni ileile; ukiigawa kwa koni tano, kila koni inapata kidogo.

Dalili unazoweza kuziona bila kufungua ni hizi. Inyanyue: spika nzuri ya mezani huwa na uzito wa kushangaza, kilo 4 hadi 7 kila moja, kwa sababu ya sumaku na ubao. Gonga ubavuni kwa kiungo cha kidole, usikie "ko" fupi badala ya "bwee" ya debe tupu. Mwangaza wa simu upitishe kwenye tundu la hewa uone kama ndani kuna pamba.

## Dukani

8. Nitazijaribuje wakati duka lina kelele na muuzaji ameweka wimbo wake?

Beba muziki wako. Weka kwenye simu nyimbo tatu au nne unazozijua kila pumzi, na ziwe faili safi, maana wimbo uliopita kwenye WhatsApp mara tano umeshachujwa. Wa kwanza uwe sauti ya mtu na ala chache: kaswida, taarab ya zamani, mahubiri, hata hadithi ya redioni. Wa pili uwe na gitaa la besi linalotembea, muziki wa dansi unafaa sana. Wa tatu uwe ule unaoupenda, hata kama ni singeli.

Anza na sauti ya mtu. Sikio la binadamu limesikia watu wakizungumza tangu siku ya kwanza, na halidanganyiki hapo. Usijiulize kama inapendeza. Jiulize: huyu ni mtu? Kama anasikika ana mafua, au ameweka kichwa ndani ya ndoo, au kila "s" inachoma kama mluzi, acha hizo spika. Hakuna ikwalaiza itakayomponya. Kisha nenda kwenye besi. Kila noti ya gitaa isikike na jina lake. Ukisikia "dum dum dum" ileile wakati mpigaji anapanda na kushuka, boksi ndilo linaloimba. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi ni hezi 41. Spika ndogo haitaifikia yote na si kosa lake, lakini noti za juu yake zipambanuke.

Mambo mawili ya kumwomba muuzaji, kwa upole. Zima madoido yote: besi ya ziada, taa na ile mipangilio ya "disko". Halafu ukilinganisha jozi mbili, hakikisha zina sauti sawa. Yenye sauti kubwa kidogo hushinda kila mara, na wauzaji wazoefu wanalijua hilo.

Ukiweza, fumba macho. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba watu walewale, wenye uzoefu, walibadilisha alama walizozipa spika mara tu walipoanza kuziona. Umbo, ukubwa na jina viliingia masikioni. Utafiti wao wa miaka mingi ulionyesha pia kwamba watu wasipoziona, wengi huchagua spika ileile: ile isiyoongeza wala kupunguza kitu kwenye rekodi. Kwa hiyo sikio lako lina akili kuliko unavyoliamini.

9. Za mtumba kutoka Ulaya ni salama?

Kwa bajeti hii, mara nyingi ndiyo mali bora kabisa utakayoipata, ukijua kukagua. Kontena za vitu vya nyumbani kutoka Uingereza huja na Wharfedale, Mission, Tannoy, KEF na Celestion, spika zilizotengenezwa kwa ubao mzito na sumaku kubwa. Huuzwa na watu ambao siku hiyohiyo wanauza friji na baiskeli, hivyo bei ni ya kuelewana.

Kwanza vua kitambaa cha mbele uangalie ukingo unaozunguka koni. Ukiwa mpira, vizuri. Ukiwa sponji, uguse taratibu kwa ncha ya kidole. Sponji huoza baada ya miaka 15 au 20, na kwa joto na unyevu wa pwani hata mapema; iliyooza inamung'unyika kama keki na kubaki kidoleni ikiwa nyeusi na yenye kunata. Nimewahi kuona jozi nzuri sana, ubao unang'aa, na ukingo wote umeanguka chini ya kitambaa kama majivu. Hizo zinaweza kutengenezwa (swali la 20), ila bei ishuke.

Pili, weka vidole vinne kuizunguka koni ya wufa, uisukume ndani kidogo, sawasawa pande zote. Iende na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imehama au imeungua. Tatu, kama una mita ya fundi, pima kwenye matundu ya nyuma ya kuungia nyaya: spika ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7 hivi. Isiposoma kabisa, kuna kitu kimekatika; ikisoma sifuri, kuna nyaya zimegusana ndani. Mwisho, ziunge. Tega sikio kwenye kila twita, sentimita tano tu, kwa sauti ndogo. Twita iliyokufa haionekani kwa macho, na muziki bila twita bado unasikika, ila kama umefunikwa blanketi.

Spika zisizo na umeme ndani hazijali zimetoka nchi gani. Amplifaya zinajali sana, angalia swali la 15.

10. Nitajie kampuni moja nisiyoweza kukosea.

Hakuna, kwa sababu kila kampuni ina toleo zuri na toleo la haraka. Kwa spika mpya za kuunga na amplifaya, familia za Wharfedale Diamond, ELAC Debut, Q Acoustics 3000 na Sony SS-CS5 zina sifa ya muda mrefu katika daraja hili. Nyingi utaziagiza kupitia ndugu aliye Dubai au Uingereza. Kumbuka uzito: jozi moja na boksi lake hufika kilo 12 au zaidi, na mizigo ya ndege hulipiwa kwa kilo.

11. Nitajuaje kama jina kubwa ni feki?

Nyanyua (swali la 7), soma maandishi ya nyuma, kisha fungua tovuti ya kampuni hapohapo dukani utafute toleo hilo. Jina lipo lakini toleo halipo, ondoka. Neno moja lililokosewa herufi kwenye kibandiko nalo linatosha.

## Nyumbani

12. Zilisikika vizuri dukani, nyumbani hapana. Nimeibiwa?

Labda ni mahali ulipoziweka. Hili ndilo jambo ninalolipigania kuliko mengine yote, kwa sababu halina gharama na wengi hawaligusi. Nimeingia nyumba ambamo spika nzuri zilikuwa juu ya kabati, moja imelazwa ubavu, nyingine imefichwa nyuma ya pazia. Nusu saa ya kuzihamisha iliwapa spika mpya.

Zishushe hadi twita iwe usawa wa sikio lako unapokuwa umekaa. Zitenganishe mita 2 hivi, na kiti chako kiwe mbali nazo kwa umbali huohuo, pembe tatu zinazolingana. Zigeuze kidogo zikutazame. Zisogeze mbali na ukuta wa nyuma, anza na sentimita 40, na zisikae kwenye kona kabisa. Ukuta huongeza besi na kona huiongeza zaidi. Besi ya kona hujaza nyumba lakini hufunika maneno ya wimbo. Chumba ni kidogo na huna pa kuzisogeza? Chukua soksi safi uikunje uichomeke kwenye tundu la hewa. Besi itapungua na kunyooka. Soksi ikitoka, hakuna kilichoharibika.

Halafu weka wimbo wenye mwimbaji mmoja na ukae kwenye kiti chako. Sogeza spika sentimita tano tano. Kuna mahali mwimbaji ataacha kuwa kwenye maboksi na atasimama katikati, kwenye hewa tupu, juu ya TV. Hapo weka alama ya chaki sakafuni.

13. Sebule yangu ni vigae chini, zege ukutani na vioo. Kila kitu kina mwangwi.

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaoendelea, hiyo ndiyo inayokula maneno. Zulia nene kati yako na spika, mapazia mazito, kochi la kitambaa, rafu ya vitabu nyuma yako: hivyo ndivyo vinavyonyonya. Trei za mayai ukutani hazifai, zinagusa sauti nyembamba tu na zinavuta mende.

14. Waya gani ninunue, na kwa nini besi imepotea tangu nilipoziunga mwenyewe?

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa umbali wa mita 5 hata 8. Ukwangue kwanza kwa kisu: shaba inakuwa nyekundu hadi ndani, ikiwa nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa, nunua wa 2.5. Waya wa bei ya spika zenyewe ni fedha iliyopotea.

Besi iliyopotea karibu kila mara ni nyaya zilizopishana kwenye spika moja. Koni moja inasukuma huku nyingine inavuta, hewa inafutana. Hakikisha nyekundu imeenda kwenye nyekundu pande zote mbili. Kama rangi zimefutika, tenganisha spika na amplifaya na uguse nyaya za spika kwa betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja: koni ikitoka nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio mwekundu.

## Umeme na vyanzo

15. Nimepata amplifaya ya Japani, ipo kama mpya. Niichomeke?

Subiri. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani ni 120, wa kwetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja inakufa kwa sekunde. Soma nyuma. Ikiandika 100V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye wati zaidi ya zile zinazotumiwa na amplifaya, na bei yake uiingize kwenye hesabu kabla ya kulipa. Kama ina redio, nyingi za zamani za Kijapani zinaishia megahezi 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ni ugonjwa uleule wa redio za magari.

16. Umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Nilinde vipi?

Kifaa cha kinga kama kile cha friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme, kinafaa pia hapa. Ukikatika, zima swichi ukutani mwenyewe. Kuhusu LUKU usiwe na hofu: amplifaya inayokula wati 40 kwa saa 5 imetumia uniti 0.2.

17. Natumia sola. Nitapata stereo ya maana?

Utapata, na ukiacha kupitia inveta utapata safi zaidi, kwa sababu inveta za bei nafuu huingiza mvumo kwenye amplifaya. Kuna amplifaya ndogo zinazotumia chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, zinazokubali umeme wa betri moja kwa moja. Kwa volti 12 na spika za omu 8 itakupa wati 8 au 9 hivi kila upande. Kidogo? Rudi swali la 4. Chagua tu spika zenye desibeli nyingi.

18. Nimeunga TV kwa waya wa mwanga (optical), kimya kabisa.

Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, mahali pa sauti ya kidijitali, ubadilishe iwe PCM. Spika nyingi hazielewi lugha nyingine. Bluetooth nayo inafaa kwa muziki, lakini kwenye filamu sauti inaweza kuchelewa na midomo ikatangulia, hivyo kwa TV tumia waya.

## Hali za pekee

19. Twita zinaungua kila baada ya miezi. Ninunue za wati nyingi zaidi?

Uwezekano mkubwa ni kwamba amplifaya yako ndiyo ndogo na wewe unaimaliza. Ikifika ukomo, mawimbi yanakatwa vichwa na kuwa makali, na ukali huo wote unakwenda kwenye twita. Muziki ukianza kukwaruza, rudisha nyuma, hata kama wageni wamechangamka. Na kama unataka sauti ya kujaza uwanja, kodi spika za ukumbi kwa siku moja. Za sebuleni hazikuumbwa kwa kazi hiyo.

20. Ukingo wa sponji umeoza. Nitupe?

Usitupe. Ukingo mpya huuzwa kwa kipenyo, ukipimwa kwa milimita, na fundi mwangalifu hukwangua ule wa zamani, hubandika mpya na kuicheza koni kwa umeme mdogo hadi ikae katikati kabla gundi haijakauka. Omba wa mpira kama unaishi Tanga, Mombasa, Unguja au popote chumvi inapofika. Mwombe azifanye zote mbili kwa pamoja, hata kama moja bado nzima, ili jozi ibaki jozi.

21. Nimepanga chumba, ukuta mmoja na jirani. Nifanyeje?

Besi ndiyo inayovuka ukuta, sauti ya mwimbaji haivuki sana. Kwa hiyo usiongeze sabufa juu ya stereo yako, toa spika kwenye ukuta mnaochangia, na uziweke juu ya kitu kizito chenye kipande cha sponji ngumu au mpira chini yake, zisiguse sakafu. Kaa karibu nazo, mita moja na nusu, na utapata muziki kamili kwa sauti ndogo. Kisha nenda kwa jirani saa tatu usiku huku muziki unalia kwako, ubishe hodi, umwombe usimame chumbani kwake dakika moja usikilize. Utajua mwenyewe pa kuishia, na yeye atajua umemfikiria.